Matanga ya Gari la Mirihi

Hapana, ng'ombe hakuchinjwa. Hayo ya ng'ombe yameongezwa na watu wa Kahama mjini, ambao hata hawakuwepo. Alichinjwa beberu mmoja mweusi wa Mama Samia, mwenye tabia ya kutafuna kamba za viatu vya wateja, na huyo hakuna aliyemlilia. Lakini la msiba ni kweli. Kambi nzima ya Tupendane, wanaume wazima wanaoshuka ardhini kila siku kwa kamba, walikaa matanga ya gari. Na gari lenyewe halikuwa la mtu wa hapa, wala halikuwa barabarani. Lilikuwa juu huko, Mirihi, ile nyota nyekundu. Sasa wewe unayeuliza ilikuwaje, kwanza acha kucheka, halafu usikilize habari za Chiku, maana bila Chiku hakuna msiba.

Chiku alikuwa mtu wa mlangoni. Unakuja kuangalia sinema, anapokea kiingilio chako, anakufungulia turubai, unaingia. Miaka sita kazi yake ilikuwa hiyo. Kibanda kilikuwa cha mama yake mdogo, Mama Samia, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Zamoyoni, mwanamke wa mjini hasa, baba yake Mmanyema wa Ujiji, mama yake Msukuma wa hapa hapa, mtandio wake haudondoki hata akikimbiza kuku. Alihamia machimboni wakati ule mgodi mkubwa wa Buzwagi unafungwa na biashara ya mjini inayumba. Akajenga kibanda umiza: mabati juu na ukuta wa nyuma, turubai pembeni, televisheni moja kubwa mbele, spika mbili, na benchi zenye misumari iliyopasua suruali za watu wengi. Ubavuni akaweka mgahawa. Kwa hiyo ukiwa ndani unaangalia watu wanauana kwenye sinema, pua yako inaangalia maharage.

Na mtafsiri alikuwa Yasini. Wewe hujawahi kumsikia Yasini? Basi umekosa. Mtafsiri wa sinema kazi yake ni kushika kipaza sauti, kupunguza sauti ya wenyewe, na kusema Kiswahili badala yao. Yasini Kichina hakijui, Kihindi hakijui, na Kiingereza alikifahamu kwa mbali, kama unavyomfahamu jirani wa mtaa wa tatu. Lakini mdomo alikuwa nao. Mchina anaruka ukuta na upanga, Yasini anasema, "Nirudishie baiskeli yangu, mwizi wewe wa Isaka!" Watu wanaanguka kwenye benchi. Na mambo mawili Yasini alikuwa hayaachi. La kwanza, wahusika wakikaa mezani wakaanza kuongea sana, anashika rimoti anapeleka mbele, anasema, "Hapa wanapiga porojo, twende kwenye kazi." La pili, kabla sinema haijaanza anapiga kelele, "Staringi?" na kibanda kizima kinajibu, "Hafi!" Hiyo ndiyo sheria ya kibanda umiza. Staringi, yaani shujaa wa sinema, anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini hafi.

Chiku yote hayo aliyasikia kutoka mlangoni, na moyoni alikuwa anaumwa. Siyo wivu, hapana. Yeye alikuwa na simu yake, na ndani ya simu alikuwa amejaza sinema za aina nyingine kabisa: sinema za kweli, za nyota na mwezi na vyombo ambavyo watu wametuma huko. Hakuna aliyebuni. Aliziangalia akikoroga maharage ya mama yake mdogo, na mwiko ndio ulikuwa kipaza sauti. Mzungu anasema sentensi, Chiku anaisema kwa Kiswahili, anairudia mpaka inakaa vizuri mdomoni. Kamusi yake ilikuwa imeisha jalada. Maharage yaliungua mara nyingi tu, usiwaulize wateja.

Siku alipomwomba Yasini ampe hata robo saa, Yasini alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sauti ya mwanamke itamtisha nani?"

"Kwani nyota zinataka kumtisha mtu, kaka Yasini?"

"Sasa nani atalipa aje kuangalia kitu kisichotisha?"

Basi. Ikafika wiki moja Mama Samia akamwita Chiku jikoni. Akamwambia kuna bwana wa Kahama, ana zile mashine za kamari, masanduku ya kutumbukiza sarafu yenye taa za rangi. Jumatatu ataleta. Benchi zinatolewa, televisheni inauzwa, Yasini ashike njia yake.

"Na mimi?" Chiku akauliza.

"Wewe utakaa mlangoni kama kawaida. Si kazi yako hiyo?"

Chiku akaweka mwiko chini. Akajiona amekaa mlangoni pale, miaka mingine sita, anasikiliza sarafu zinamezwa. Akasema, "Mama mdogo, nipe Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii. Saa kumi jioni. Nitaweka sinema yangu, nitafsiri mwenyewe."

Mama Samia akamwangalia kama anavyoangalia nyanya sokoni. "Sinema za nyota? Kwa wachimbaji?"

"Kwa wachimbaji."

"Haya. Kibanda kijae. Na watu wakae mpaka mwisho, wasitoke katikati, wasinivunjie kitu. Ukiweza hilo, namwambia yule bwana arudi na masanduku yake. Ukishindwa, Jumatatu nisisikie neno lako."

"Hutasikia."

Hapo ndipo Chiku akachagua ile sinema ya magari mawili. Ni kisa cha kweli hicho, wenyewe Wamarekani walituma magari mawili Mirihi, yanafanana kila kitu, moja likatangulia kufika, la pili likafuata baada ya majuma machache. Makubwa kiasi cha bajaji hivi, hayana dereva, yanakula jua kwa mabamba mgongoni, na yana mkono wa kukwangulia mwamba na kuupima. Ukisikia hivyo, wewe mtu wa Usukumani, mapacha hao utawaitaje? Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Chiku wala hakufikiri mara mbili. Na Jumamosi akapanda bodaboda, spika imefungwa nyuma kwa mpira, akazunguka machimbo yote: "Kesho saa kumi! Kulwa na Doto, mapacha wachimbaji, wametumwa kuchimba mwamba kwenye nyota nyekundu! Staringi?" Na wanaume waliokuwa wanatoka kwenye maduara, yaani mashimo yao, wamejaa vumbi mpaka kope, wakajibu, "Hafi!"

Lilimtoka tu hilo, kwa mazoea. Sinema aliijua mwisho wake. Lakini miaka sita unasikia neno moja, siku ukishika kipaza sauti litatoka lenyewe.

Sasa ngoja. Kuna mtu sijamtaja, na bila yeye hutaelewa. Kambi ile alikuwepo kijana mmoja mtu wa Ushirombo, Doto wa kweli. Yeye na pacha wake Kulwa walikuja machimboni pamoja, walishuka duara moja, walikula sahani moja. Miaka minne nyuma walikuwa upande wa Geita, mwamba ukashuka. Doto alikuwa juu anavuta kamba. Kulwa alikuwa chini.

Wachimbaji wana desturi yao, na hiyo haina mjadala. Duara likishuka, kila mtu anaacha lake, hata kama mlikuwa mnagombana jana. Wanachimba, na wakichimba kidogo wanasimama, mmoja anagonga bomba la hewa kwa jiwe, ngo, ngo, ngo, halafu kimya. Hakuna anayekohoa. Wanasikiliza kama chini kuna atakayejibu. Kwa Kulwa waligonga siku nyingi. Mwisho ardhi ikaanza kutembea yenyewe, wakaambiwa tokeni, mtakufa wote, shimo likazungushiwa miiba. Mwili haukutoka. Na kwa kuwa mwili haukutoka, mama yao, Mama Generoza, alikataa matanga. "Nitamliaje mtu sijamwona?" Watu nao, kwa huruma, wakawa wanamletea habari: Kulwa kaonekana Chunya, Kulwa kaonekana Mwanza anauza mitumba. Tangu hapo Doto alikuwa hakai kula. Anachukua sahani yake kwa Mama Samia, anasimama mlangoni, anakula ameegemea nguzo, anaondoka. Ukimwambia karibu benchi, anasema, "Wabeja," yaani asante, "nina haraka." Haraka ya kwenda wapi, hakuna aliyejua.

Jumapili kibanda kikajaa. Kilijaa mpaka watoto wakatolewa, mpaka turubai likafunguliwa upande mmoja watu wasimame nje. Stanslaus, au Baba Noela, ambaye ndiye msimamizi wa duara kubwa kuliko yote pale Tupendane, alikaa mbele kabisa na shati lake la kanisani. Chiku alimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, mimi nimekuja kwa ajili ya hao mapacha. Nyota sizijui."

"Utazijua, Baba Noela."

Yasini naye alikuwepo, kaegemea ukuta wa nyuma, mikono kifuani, anatafuna kijiti. Na Doto alisimama mlangoni, kwenye nguzo yake.

Chiku akashika kipaza sauti. Akaanza. Na jamani, alijua! Roketi ikapaa, akawaambia, "Hii ni kama baruti ya mwamba, ila hii wameielekeza chini ili mzigo uende juu." Wakaelewa mara moja, baruti si wanaijua? Kulwa akafika, akatua amezungushiwa mapira makubwa ya upepo, akadundadunda kama mpira wa miguu, kibanda kikapiga kelele. Doto naye akatua, akadunda, akaingia moja kwa moja kwenye shimo.

"Duara!" akapiga kelele mmoja. "Kafikia kwenye duara!"

"Mchimbaji huyo! Katua, hata hajanywa chai!"

Doto wa Mirihi akaukwangua mwamba, vumbi jekundu likatoka. Stanslaus akasimama. "Ngoja, ngoja, rudisha. Anatafuta nini? Dhahabu?"

Hapo Yasini angesema ndiyo, dhahabu, na kibanda kingelipuka. Chiku akasema, "Hapana, Baba Noela. Anatafuta alama za maji. Wanataka kujua kama zamani maji yalipita pale."

"Maji tu?"

"Maji tu."

Stanslaus akakaa, akafikiri, akasema, "Basi wana shida kama zetu." Watu wakacheka, wakatulia, wakaendelea. Waliambiwa mapacha walipangiwa miezi mitatu tu ya kazi, na sasa ni mwaka, ni miaka, bado wanapiga kazi. Gurudumu la Doto likaharibika, akawa anatembea kinyumenyume. "Kama Mzee Kamili wetu na mguu wake!" Akanasa mchangani, wakamtoa taratibu kutoka huku duniani kwa kumtumia maneno. Vumbi likimjaa mgongoni akakosa jua, upepo unakuja unampangusa. Wanaupigia makofi upepo! Mama Samia alikuwa ametoka jikoni, mkono una unga, kasimama anaangalia.

Halafu Kulwa akanasa mchangani upande wake, na hakutoka. Baridi ikaja. Akanyamaza.

Kibanda kikanong'ona. Mmoja akasema, "Kulwa siyo staringi, tulieni." Chiku akageuza macho mlangoni, na hapo ndipo kikamwingia akilini alichokifanya. Doto wa Ushirombo alikuwa ameacha kuegemea nguzo. Amesimama wima.

Ukiwa unatafsiri huwezi kuacha. Akaendelea. Doto wa Mirihi akabaki peke yake, akapiga kazi miaka mingine mingi, jumla kumi na minne. Mpaka likaja vumbi, vumbi la nyota nzima, mchana ukawa usiku. Akatuma neno la mwisho, kwamba nguvu zimepungua na giza limekuwa kubwa. Baada ya hapo, kimya. Kwenye sinema wakaja watu wamekaa mezani na kompyuta, wanaongea, wanaongea. Chiku akaona ni porojo, wachimbaji watachoka, akashika rimoti kama Yasini, akapeleka mbele. Ikaja picha ya mwisho, uwanda mwekundu na alama za magurudumu. Mwisho.

Weee!

"Kafa?"

"Staringi kafa?"

"Wewe Chiku ulisema hafi! Jana, na spika, nilikusikia kwa masikio yangu!"

Benchi moja ikapinduka, halafu ya pili. Mtu akapiga bati mpaka kutu ikadondoka. Mama Samia akashika kichwa kwa mikono yenye unga. Na katikati ya zogo lile Yasini akapenya mpaka mbele, akainama sikioni kwa Chiku. Sikiliza alichosema, maana Yasini si mtu mbaya, alitaka kusaidia.

"Nipe kipaza. Narudisha pale anapopanda kilima, nasema upepo umekuja, kaamka. Watapiga makofi, watakwenda kula. Kibanda chako kimepona."

"Hakuamka, kaka Yasini."

"Nani anajua? Wewe ulikwenda huko?"

Na kweli ingewezekana. Picha zilikuwepo, maneno ni ya kwake, nani angebisha? Kazi yake yote ilikuwa kwenye kidole kimoja juu ya rimoti. Lakini Chiku alikuwa anamwangalia Doto, ambaye alikuwa anakuja mbele, na watu wanampisha bila kuambiwa. Akamkumbuka yule wa Chunya. Akamkumbuka yule muuza mitumba wa Mwanza. Akasema, "Huyu mtu ameshaambiwa sana kaamka. Sitamwambia mimi."

Doto akafika. Sauti yake watu walikuwa wameisahau.

"Dada Chiku. Nani alimfuata?"

"Hakuna aliyeweza kumfuata, kaka. Ni mbali mno."

"Kwa hiyo walimwacha tu? Hawakugonga?"

Kwa mchimbaji hakuna neno baya kama hilo, kumwacha mwenzako shimoni bila kugonga. Stanslaus mwenyewe akasema, "Hapo sasa. Hapo ndipo tujibu."

Na Chiku akajua jibu lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye ile porojo aliyoiruka.

"Waligonga," akasema. "Mimi ndiye nimeruka. Nilidhani mtachoka. Kaeni niwaonyeshe."

"Tumeshaona mwisho!" akapiga kelele mmoja wa nyuma.

"Hujauona! Kaa chini wewe, au toka nje, lakini mimi narudisha!" Na alisema kwa sauti ambayo Yasini mwenyewe alirudi hatua nyuma. Sauti ya mwanamke haitishi? Haya.

Akarudisha. Wale watu wa mezani wakatokea. Safari hii hakupamba chochote, alisema polepole, neno kwa neno.

"Huyu mama anaitwa msimamizi wa zamu. Anasema: tunamwita Doto. Tunatuma neno, tunasubiri. Leo hakujibu. Kesho tutamwita tena." Kwenye picha siku zikapita, watu wakabadilisha nguo, wakakata nywele. "Huyu anasema: labda vumbi limemfunika, msimu wa upepo ukija litapanguswa. Tunaita asubuhi, tunaita jioni. Huyu kijana anasema: nilianza kazi hii sina mke, sasa nina watoto, na Doto yupo tu. Hatujajibiwa. Tunaita."

Kutoka benchi ya mbele ikasikika, ngo, ngo, ngo. Ni Stanslaus, kwa pete yake ya ndoa kwenye mbao. Halafu akanyamaza, kichwa kimeinama, anasikiliza. Na wote wakanyamaza naye. Mama kwenye sinema akaita tena. Ngo, ngo, ngo, na sasa walikuwa kumi. Kimya. Wakaita tena, na sasa ni kibanda chote, na waliosimama nje wanagonga nguzo na mabati, halafu wanasimama kwa pamoja, na katika kile kimya unasikia maharage ya Mama Samia yanachemka upande wa pili. Chiku alikuwa analia anatafsiri, hakuacha hata neno.

"Anasema: leo tunaita mara ya mwisho. Miezi imepita. Tumefanya yote tuliyoweza. Tunaondoka si kwa sababu tumekuchoka. Ulifanya kazi yako vizuri. Pumzika."

Mwisho. Wa kweli sasa.

Doto alikuwa amesimama mbele ya televisheni. Akasema, siyo kwa sauti kubwa, "Na sisi tuligonga."

"Mligonga, ngosha," Stanslaus akamwambia. "Mimi nilikuwepo siku mbili za mwisho. Tuligonga mpaka mawe yakapasuka mikononi."

"Sasa mbona hatukukaa?"

Stanslaus akanyanyuka, akajifuta uso kwa kiganja. "Basi tutakaa. Kesho hakuna anayeshuka. Ni msiba."

Mama Samia akasema, "Msiba wa gari?"

"Wa wote, Mama Samia. Gari nalo si lilikuwa na pacha wake?"

Jioni ile ile Doto alipiga simu Ushirombo. Alizungumza na mama yake muda mrefu nyuma ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ambayo ilikuwa imezimwa. Walichosema ni chao. Ila Jumatatu, basi la asubuhi liliposimama barabarani, Mama Generoza alishuka na kanga nyeusi na kiroba cha unga wa muhogo.

Benchi zilitolewa nje zote, mikeka ikatandikwa kibandani. Wanawake wakashika masufuria. Beberu alichinjwa na Yasini, maana lazima achinje Mwislamu ili kambi nzima ipate kula, na alipomaliza alisema, "Miaka yote nafufua watu humu ndani. Jana ndiyo mara ya kwanza nimeona mtu anazikwa." Akaenda kuosha kisu. Katekista Eustace aliomba kwa ajili ya Kulwa wa Ushirombo, akamtaja kwa jina lake la ubatizo, mama akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza katika miaka minne, na wanawake wakamshika. Halafu Eustace akasita, akakuna shingo. "Na yule mwingine, Bwana, yuko huko huko karibu yako. Unamwona vizuri kuliko sisi." Watu wakasema amina.

Vyakula vilikuwa vinapakuliwa ndipo kirikuu ya yule bwana wa Kahama, kigari chake cha mizigo, ikaingia, masanduku ya kamari yamefungwa kamba nyuma, taa zake zinametameta zenyewe juani. Akashuka, akaona benchi zote nje, akafurahi.

"Mmeshanitolea nafasi! Niweke wapi, mama?"

Mama Samia alikuwa na upawa mkononi. Akamtazama Chiku, aliyekuwa anabeba maji ya kunawa, macho yamevimba, hajalala. Chiku hakusema neno, kama walivyoahidiana. Mama Samia akahesabu benchi kwa macho. Mbili zilikuwa na miguu imelegea. Akashusha pumzi.

"Hapa pana msiba, baba. Na hizo benchi zinarudi ndani."

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kama watu hawatakaa mpaka mwisho. Wamekaa mpaka leo, huwaoni? Jumapili ijayo kuna sinema. Chiku, ya nini?"

"Ya mwezi," Chiku akasema haraka.

"Ya mwezi. Sasa wewe zima hizo taa, nawa mikono, ukae."

Yule bwana akaangalia masanduku yake, akaangalia sinia la nyama, akazima taa.

Wakawa wanakaa sasa, sinia kwa sinia, watu wanasogezana, mmoja anauliza chumvi, mwingine anamfukuza mbwa. Stanslaus akakaa na wazee. Yasini akamsogezea Chiku nafasi ubavuni kwake, akasema kwa kunong'ona, "Ya mwezi hiyo, staringi vipi?" na Chiku akamwambia, "Njoo Jumapili ulipe kiingilio utaona."

Mwisho alibaki Doto. Alikuwa ameshika sahani yake, yuko mlangoni, kwenye nguzo. Mama Generoza alikuwa amekaa mkekani na sinia moja mbele yake, ugali wa muhogo na nyama, hajaligusa. Akapiga mkeka kwa kiganja chake, ngo, ngo, ngo, bila sauti kabisa, pale pembeni yake.

Doto akaja. Akakunja miguu, akakaa. Akanawa, akamega tonge, na mama yake akamega. Ndipo kambi nzima ikaanza kula.